Kutoka Jeshini Hadi Msituni: Mwongozo Kamili wa Mafunzo Kazini kwenye Ardhi ya Umma Marekani

Mwongozo huu ni wa Mswahili aliyevaa sare ya jeshi la Marekani, amemaliza mkataba wake au yuko mbioni kuumaliza, na hataki kuhamia moja kwa moja kwenye ghala la mizigo au zamu ya usiku ya ulinzi. Tuko wengi kuliko watu wanavyodhani. Wengine waliingia jeshini na kadi ya kijani. Wengine walipitia MAVNI, mpango uliopokea watu kuanzia 2009 hadi 2016 kwa sababu ya lugha walizozijua, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Ukikaa na kundi hili, wachache sana wamewahi kuambiwa kwamba msitu ni mahali pa kuajiriwa.

Kazi ipo, tena eneo lake ni kubwa mno. Forest Service, idara ya misitu iliyoanzishwa 1905 chini ya Wizara ya Kilimo, inasimamia ekari milioni 193 hivi za misitu na mbuga za nyasi. Nchi ya Kenya nzima ingeingia humo na nafasi ikabaki. Bureau of Land Management, wanayoiita BLM, ina ekari milioni 245 hivi, zaidi kidogo ya Tanzania. Ongeza hifadhi za taifa na ardhi za majimbo. Hata kuwapeleka askari huko si jambo jipya: Mei 1933 Rais Roosevelt aliagiza wanajeshi 25,000 waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia waingizwe katika Civilian Conservation Corps, jeshi la kazi lililopanda miti karibu bilioni 3 hadi lilipovunjwa 1942.

Nisisitize jambo moja kabla ya hatua zenyewe, maana ndilo litakaloamua kila kitu hapa chini. Nafasi ya mafunzo kazini usiichague kwa uzuri wa picha za milima. Ichague kwa kile kitakachobaki mkononi mwako siku ya mwisho: saa zilizosainiwa, vyeti vinavyotambulika, na haki ya kuomba ajira ya serikali bila kupambana na umma wote. Nafasi isiyoacha kitu katika hivyo vitatu ni kazi ya kujitolea, ni njema kwa roho, lakini usiiite daraja la ajira.

Ijue kazi yenyewe kwanza

Ndugu zetu nyumbani wakisikia askari ameenda kufanya kazi msituni, wanamwona akiwa na bunduki akiwasaka majangili, kwa sababu kwetu askari wa wanyamapori ndivyo alivyo. Marekani ulinzi wa sheria kwenye misitu ni kitengo kidogo chenye mafunzo yake na maofisa wake. Mwanagenzi hashiki silaha. Atashika chenso (msumeno wa injini), jembe, tepu ya kupimia, kompyuta ya mkononi, au kipaza sauti mbele ya watoto wa shule.

Kwa ujumla kuna makundi manne ya kazi. Ya kwanza ni njia za miguu: kuondoa magogo yaliyoangushwa na theluji na upepo, kuchimba mifereji ya kutoa maji njiani, kujenga ngazi za mawe na madaraja madogo. Katika maeneo yaliyolindwa na sheria ya Wilderness ya 1964 injini haziruhusiwi, hivyo hata gogo la unene wa mita moja linakatwa kwa msumeno wa mkono wa watu wawili. Askari wa uhandisi huipenda kazi hii.

Ya pili ni moto. Kuzima, ndiyo, lakini pia kuchoma kwa makusudi, kwa sababu misitu mingi ya huko, kama ya misonobari ya ponderosa ya magharibi na ile ya majani marefu ya kusini mashariki, imezoea moto mdogo wa mara kwa mara, na moto huo ukizuiwa miongo kadhaa majani makavu na vichaka hurundikana hadi siku moto mkubwa unapofika na kula kila kitu. Chombo utakachokizoea haraka ni pulaski, shoka upande mmoja na jembe upande wa pili, kilichopewa jina la Ed Pulaski, mlinzi wa misitu aliyeokoa sehemu kubwa ya kikosi chake katika moto mkubwa wa Idaho mwaka 1910.

Ya tatu ni sayansi ya shambani: kupima kipenyo cha mti kwa urefu wa futi nne na nusu kutoka ardhini, kuhesabu miche, kufuatilia ndege adimu, kung'oa magugu vamizi, kuchora ramani. Ya nne ni watu: kupokea wageni, kufundisha, kuratibu wanaojitolea. Hii ya mwisho wengi huidharau. Lakini aliyezoea kutoa maelezo mbele ya kikosi ana uwezo ambao ofisi za misitu huutafuta sana.

Hatua ya 1: Panga karatasi kabla ya buti

Karatasi mama ni DD-214, nakala inayoonyesha aina ya kuachiliwa kwako jeshini. Kama huna, iombe kwa mtandao wa milConnect au kwenye hifadhi ya kumbukumbu za taifa, hulipi kitu. Isome mstari kwa mstari. Medali isiyoandikwa humo, kwa mwajiri wa serikali haipo, na kusahihisha kunachukua muda mrefu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Upendeleo wa ajira kwa maveterani, ile pointi 5 au 10 inayoongezwa kwenye maombi, haumpati kila aliyevaa sare. Kama uliingia baada ya Agosti 31, 2010 na huna ulemavu uliotokana na jeshi, kwa kawaida unahitaji medali ya kampeni au ya operesheni ya nje. Ile medali ya huduma ya vita dhidi ya ugaidi waliyopewa karibu kila mtu haitoshi kwa pointi. Lakini usiitupe: inakufungulia mlango mwingine uitwao VRA, unaoruhusu ofisi kukuajiri bila mashindano hadi daraja la GS-11 (GS ni ngazi za mishahara ya watumishi wa serikali kuu). Mlango huo huo uko wazi kwa yeyote aliyeachiliwa kwa heshima ndani ya miaka 3 iliyopita, na kwa wenye ulemavu wa kijeshi. Aliyetumikia miaka 3 au zaidi mfululizo naye ana VEOA, inayomruhusu kuomba kazi zilizofungiwa watumishi wa ndani. Aliyekuwa National Guard, jeshi la akiba la majimbo, na siku zake za kazi zote zilikuwa za mafunzo tu, kwa kawaida hana upendeleo huu.

Kama una ulemavu uliotambuliwa na VA, idara ya serikali inayohudumia maveterani, andaa barua ya kiwango chako na SF-15, fomu ya kuombea zile pointi 10.

Suala la uraia nalo lisisubiri. Nafasi za AmeriCorps, mpango wa serikali wa kujitolea kwa posho, zinapokea raia na wenye kadi ya kijani, lakini ajira ya serikali kuu karibu yote inataka uraia. Sheria inamruhusu aliyetumikia kwa heshima wakati wa uhasama, na kipindi kilichoanza Septemba 11, 2001 kinahesabika hivyo, kuomba uraia kwa fomu N-400 bila ada. Kama unaweza, maliza jambo hili ukiwa bado kambini, ambako N-426, fomu ya kuthibitisha utumishi wako, husainiwa na mkubwa wako. Ukishatoka unajitegemea.

Hatua ya 2: Sikiliza mwili, kisha akili

Kikosi cha moto kina mtihani unaojulikana: maili 3 kwa miguu, mzigo wa ratili 45 mgongoni, ndani ya dakika 45, na huruhusiwi kukimbia. Aliyezoea maandamano ya kijeshi atasema hilo ni rahisi. Ni rahisi kwa mwenye magoti mazima. Anza mazoezi miezi mitatu kabla, ukiongeza uzito polepole, na vaa buti zile zile utakazofanyia kazi: za ngozi, za kamba, zenye urefu wa inchi 8 na soli ya meno.

Mapafu yanastahili mazungumzo ya kweli na daktari. Kama ulikaa kwenye kambi zilizochoma taka kwenye mashimo Iraq au Afghanistan, sheria ya PACT ya 2022 imekufungulia uchunguzi na matibabu. Fanya uchunguzi huo kabla ya kuomba nafasi ya moto, kwa maana msimu mmoja wa moto ni miezi ya kuvuta moshi. Ukishauriwa uuepuke, kundi la sayansi na la njia za miguu yapo, na heshima yake ni ile ile.

Kuhusu akili, nitasema kama ninavyomwambia mdogo wangu. Msitu unatuliza, hilo ni kweli, na wapo waliolala usingizi wa kwanza wa maana wakiwa kwenye hema mwezi wa pili wa kazi. Lakini msitu pia una helikopta, milio ya chenso, harufu ya moto, na majuma bila mtandao wa simu. Kama unaonana na mshauri, panga naye mapema mtaonana vipi ukiwa mbali, na umwambie kiongozi wako wa kikosi kiasi kile tu anachohitaji kujua kwa usalama. Usiku mambo yakizidi, piga 988 kisha bonyeza 1. Ni simu ya maveterani, na anayepokea hahitaji ueleze historia yako yote. Kwetu mwanamume kupiga simu ya namna hiyo huonekana amelegea. Tuache mawazo hayo, yanatumalizia watu.

Kipimo cha bure cha kujua kama maisha haya ni yako ni kadi ya kudumu ya hifadhi wanayopewa maveterani tangu Novemba 2022, inayokuingiza bila malipo kwenye maeneo ya serikali kuu yanayotoza kiingilio. Ichukue, nenda ukalale msituni siku za mvua na si za jua peke yake.

Hatua ya 3: Chagua mlango

Milango ni mingi, nami nitakaa kwenye ile yenye faida zaidi kwa mtu wetu.

Ukiwa bado jeshini, mlango bora ni SkillBridge. Katika siku zisizozidi 180 za mwisho wa mkataba, mkuu wako anaweza kukuruhusu ukajifunze kazi kwa mwajiri wa kiraia huku jeshi likiendelea kukulipa mshahara na posho zako. Kila tawi la jeshi lina mipaka yake ya siku kulingana na cheo, na ruhusa ya mkuu wako si haki yako. Inaombwa, na inaombwa mapema. Mwendee angalau mwaka mmoja kabla, ukiwa na barua ya mwajiri mkononi.

Ukiwa umeshatoka na una kiwango cha ulemavu cha angalau asilimia 10, uliza ofisi ya VA kuhusu mpango wa Veteran Readiness and Employment. Ndani yake kuna kipengele wachache wanakijua: unaweza kupelekwa kufanya kazi kwenye ofisi ya serikali, tuseme kituo cha walinzi wa misitu karibu na kwako, ambayo haikulipi, huku VA ikikupa posho ya kujikimu. Ofisi hiyo ikikuridhia, inaweza baadaye kukuajiri bila mashindano. Mkuu wa kituo anapata mtu bila kugusa bajeti yake, wewe unapata uzoefu wa ndani. Hakuna anayekuja kukuambia hili. Mpigie mshauri wako wa VA na mkuu wa kituo siku moja, uwaunganishe mwenyewe.

Mlango mpana kuliko yote ni vikosi vya uhifadhi. Ni mashirika yasiyo ya kiserikali yanayoandikisha watu kwa miezi mitatu hadi kumi na moja na kuwapeleka kwenye misitu ya umma. Student Conservation Association ipo tangu 1957 na, licha ya jina lake, si ya wanafunzi peke yao. Conservation Legacy ina vikosi vya maveterani vya moto na misumeno. Mt. Adams Institute, huko Trout Lake jimboni Washington, ilijijengea jina kwa VetsWork, iliyowaweka maveterani moja kwa moja kwenye ofisi za misitu. Wengi wa hawa hutegemea fedha za AmeriCorps na mikataba ya serikali, na mwaka 2025 fedha hizo zilitikiswa vibaya: ruzuku za AmeriCorps zilikatwa, na Forest Service yenyewe iliachisha kazi maelfu. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa shirika lolote liwe: nafasi hii ina fedha zilizothibitishwa hadi mwezi gani?

Team Rubicon, shirika la kusaidia kwenye maafa lililoanzishwa na maveterani baada ya tetemeko la Haiti la 2010, si mafunzo kazini, lakini inafundisha chenso kwa watu wake wa kujitolea. Ni pa kuanzia kwa mwenye kazi ya siku za juma.

Hatua ya 4: Uliza maswali matatu

Ukipata nafasi inayokuvutia, piga simu. Barua pepe hujibiwa na mashine; simu hujibiwa na mtu.

Uliza kwanza: je, saa zangu zitahesabiwa chini ya Public Lands Corps, mpango wa serikali wa kazi kwenye ardhi ya umma? Hili ndilo swali lenye thamani kuliko mengine yote. Ukimaliza saa 640 za huduma nzuri, angalau 120 kati yake zikiwa kwenye miradi ya ardhi ya umma, unapewa cheti kinachokuruhusu kwa miaka 2 kuomba kazi za serikali bila kushindana na umma. Mpango huo una kikomo cha umri cha miaka 30, lakini kwa veterani ni 35. Mwenye miaka 33 aliyeambiwa amechelewa hajachelewa. Kwa anayesoma shahada kuna njia nyingine inayofanana, Resource Assistants, inayodai saa 960.

Uliza pili: nitatoka na vyeti gani? Vya maana ni mafunzo ya msingi ya moto ya S-130 na S-190, S-212 ya chenso, na huduma ya kwanza ya porini. Vinatambulika na idara zote, hivyo ukihama kutoka Oregon kwenda Georgia unahama navyo.

Uliza tatu: nitalala wapi, na nitafikaje? Posho ya vikosi hivi ni ndogo na kodi ya nyumba kwenye miji ya milimani ni kali. Nafasi yenye malazi ya serikali na posho ndogo huweza kukuachia fedha nyingi kuliko yenye posho kubwa isiyo na malazi. Usafiri wa umma huko usiutegemee. Kwa mwenye watoto, hesabu hii ifanyike mezani na mwenzio, kwa namba, kabla ya kusaini.

Jumlisha pia vya pembeni. Mwaka mzima wa AmeriCorps wa saa 1,700 umekuwa ukitoa tuzo ya elimu ya dola 7,395, itumike ndani ya miaka 7, nayo haigusi GI Bill yako, yaani msaada wa masomo kwa waliotumikia jeshi. Fidia ya ulemavu ya VA haipungui kwa sababu umepata posho, isipokuwa kama unalipwa chini ya kipengele cha kushindwa kuajiriwa. Hapo usisaini kitu kabla ya kuongea na mtetezi wa maveterani.

Hatua ya 5: Andika wasifu unaoeleweka na mtu wa msitu

Msomaji wa maombi yako hajui 92Y, namba ya kazi ya jeshini, ni nini. Mwandikie kazi, siyo namba. Aliyekuwa 92Y alitunza vifaa vya mamilioni ya dola bila upotevu. Ghala la vifaa vya moto linamhitaji. 12B amefanya kazi na vilipuzi, misumeno na vikwazo. 68W ni mtu wa huduma ya dharura mbali na hospitali, hazina kwa kikosi chochote kilicho mwendo wa saa nne kutoka barabarani. 88M anaendesha malori mazito kwenye njia mbovu. 12Y tayari anachora ramani kwa programu zinazofanana na za Forest Service. Kusoma dira na ramani ya karatasi kuandikwe na kila mmoja, kwa maana vijana wengi waliokulia na simu hawakujui.

Kwenye USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali kuu, wasifu sasa hauzidi kurasa 2. Kila kazi iwe na mwezi wa kuanza, wa kumaliza, na saa kwa juma. Kikikosekana kimoja unaweza kuondolewa bila kusomwa. Na Kiswahili kiandike. Pamoja na Kifaransa cha Lubumbashi au Bujumbura, kama unacho, kinakupa nafasi kwenye miradi ya kimataifa baadaye.

Kuhusu wakati: nafasi nyingi za majira ya joto huajiri kuanzia vuli hadi katikati ya baridi. Anayeanza kutafuta mwezi wa tano anakuta meza imefutwa.

Hatua ya 6: Ukishaingia, hesabu saa zako mwenyewe

Weka daftari. Andika tarehe, mahali, saa, kazi, na jina la msimamizi, kila jioni. Mashirika hubadilisha waratibu katikati ya msimu, na saa zisizo na shahidi hupotea. Kila mwezi mwombe msimamizi asaini.

Kwenye kikosi utakutana na kiongozi wa miaka 24 ambaye hajawahi kuvaa sare, naye ndiye bosi. Msikilize. Anaujua mti utakavyoanguka, na wewe bado. Kwa upande wake, yeye hajawahi kuona watu waliochoka wakiongozwa vizuri, na wewe umewahi, akikuuliza, msaidie. Akitoa agizo la hatari, sema wazi. Kukataa kazi isiyo salama ni haki iliyoandikwa kwenye mwongozo wa wazima moto wa nchi nzima, tofauti kabisa na tulivyofundwa.

Omba pia siku chache za kukaa na wengine ofisini: mtaalamu wa udongo, wa samaki, wa ramani. Kama lengo ni kuwa bwana misitu kamili, kazi yenye namba 0460, utahitaji shahada yenye angalau saa-muhula 24 za masomo ya misitu, na GI Bill italipia. Ni afadhali kujua unalipenda somo kabla ya kutumia miezi 36 uliyopewa mara moja tu maishani.

Hatua ya 7: Miezi miwili ya mwisho

Usisubiri sherehe ya kufunga msimu. Mwambie mkuu wa kituo kwa mdomo kwamba unataka kubaki, na umuulize ni nafasi gani itatangazwa na kwa daraja lipi. Mwanzo wa kawaida ni fundi misitu, kazi yenye namba 0462, GS-3 hadi GS-5 kulingana na uzoefu na masomo. Kwa kazi za kudumu za moto kuna kikomo cha kuanza kabla ya kutimiza miaka 37, lakini veterani mwenye haki ya upendeleo anaweza kusamehewa. Ukiambiwa umri umepita, omba jibu hilo kwa maandishi kutoka ofisi ya rasilimali watu.

Chukua cheti cha saa 640 kikiwa na sahihi kabla hujarudisha helmeti. Kipige picha, kihifadhi sehemu mbili. Kisha kwa kila tangazo unaloomba ambatisha vitu vyote kwa pamoja: DD-214, SF-15 na barua ya VA kama unazo, cheti cha Public Lands Corps, na vyeti vya moto na misumeno. Weka alama kwenye kila mlango unaokuhusu katika fomu, VRA, VEOA, vyote, hata kama unaona mmoja unatosha. Saa ya miaka 2 inaanza kuhesabu tangu ulipomaliza, kwa hiyo omba kwenye misitu mitano au sita, ukianza na ile isiyojulikana na watalii, ambako ushindani ni mdogo na wakuu wa vituo hupokea simu wenyewe.